Munganga anaachia maiti dawa, anabeba begi!!!

Fundi_wa_Katuba:
Jamani, mikono inanitetemeka vile ninaandika. Nimetoka sale ya pleyi sasa hivi, hata bukari sijakula. Jina sitaji. Munamujua. Ule mwenye anafikaka na kaske ya masikio shingoni kama rubani, kumbe kaske yenyewe ilikufa tangu zamani.

Leo tulikuwa batano kwenye kikosi, Battlefield 4, ule mchezo wa vita wa video, Shanghai, ile yenye gorofa inaanguka. Miye fundi: shalimo ya kutengenezea kifaru mkononi, RPG mgongoni. Yeye akasema, "Miye njo munganga." Tukamuamini. Wajinga bote banne.

Kifaru kinakuya. Roketi ya kwanza inaingia, ya pili inaingia, moshi unatoka, kinabakia na moja tu! Mutu wa paa ananiangusha. Nalala pale, naona munganga anakimbia kwangu. Nikafurahi, anakuya na zile pasi zake mbili za umeme. Akizishikilia mpaka zijae, mutu anaamuka na uzima 100. Akigusa haraka-haraka, 20. Miye hata 20 ningeshukuru.

Anafika. Anasimama juu yangu. Ananiangalia. Anatupa SANDUKU LA DAWA kando ya maiti. Kisha ANABEBA BEGI YANGU.

Sanduku ile inaponyesha mwenye bado anapumua! Maiti inakunywaka dawa wapi? Na vile alibeba begi ya fundi, akageuka fundi, pasi zake zikabakia chini, munganga kwisha, kikosi kizima hakina wa kutuamusha. Akashika RPG yangu, akapiga ukuta. Ukuta! Kifaru kiko kushoto, kikubwa kama nyumba ya wazazi wake!

Na tulikuwa benchi moja, magoti yanagusana. Ananigeukia, anasema: "Pumzika kidogo, papa."

Pumzika?? Nililipa franka 1000 ya saa nipumzike? Begi yangu!!

Yaya_Bitoyo:
Nacheka mpaka mama anauliza kama niko mugonjwa. Ile haikuwa dawa, Fundi. Alileta mchango wa kilio.

Kamalondo_Express:
Namujua, namujua. Juzi alipita juu yangu mara tatu. Ya tatu alinikanyaga. Lakini miye hakubeba begi.

Fundi_wa_Katuba:
HAKUBEBA BEGI. Basi nyamaza, weye uko na bahati.

L2_Imekwama:
Fundi, sema kweli yote. Nilikuwa nyuma ya benchi nangojea zamu. Ulisimama katikati ya barabara, mbele ya kifaru, kama mutu anangojea taksi. Mutu wa paa angefanya nini, akuombe ruhusa?

Fundi_wa_Katuba:
Nilijificha nyuma ya gari!

L2_Imekwama:
Gari ilikwisha kulipuka, papa. Ulijificha nyuma ya moshi.

Mwalimu_Mstaafu:
Ndugu zangu, begi likianguka ni la yeyote, hilo halina kesi. Tatizo ni kwamba katika mchezo huo wa 2013 pasi za kufufulia wamepewa washambuliaji, hao hao wenye bunduki tamu. Basi kila mwenye kiu ya kuua anajiita mganga. Battlefield V ya 2018 ilirekebisha: mwenzako yeyote wa kikosi anaweza kukuinua, hata kama si mganga.

Yaya_Bitoyo:
Mwalimu, nayo iko sale?

Mwalimu_Mstaafu:
Haipo.

Fundi_wa_Katuba:
Na tiketi, zile timu inapotezaka kila mutu akikufa? Kila mutu anafufuliwa, tiketi yake inarudi. Tulishindwa kwa tiketi 2. MBILI. Moja yangu, ya pili pia yangu, ju nilirudi na hasira nikakufa tena.

Kamalondo_Express:
Miye mwenye ananichokeshaka ni wa kuvizia. Ule mwingine, wa karibu na dirisha. Anaweka kile kifaa cha kutushukisha kikosi kule mlimani, kando ya tumbo lake. Tunatokea pale batu banne, tunamuangalia akikosa.

L2_Imekwama:
Afazali yeye. Miye natafuta mwenye alikula mikate ya mafuta akashika maneti ya pili ya kuchezea. L2, kitufe cha kulenga, haishuke tena. Mechi nzima napiga bila kulenga, munaniita kipofu.

Yaya_Bitoyo:
Maneti ya pili ilikufa siku mingi. Mambo ni umeme. Jana ulikatika saa kumi, dakika kumi na tano giza, na mama wa sale anahesabu pesa tu. "Saa ni saa," anasema.

Kamalondo_Express:
Hata miye alinitoza giza!!

Fundi_wa_Katuba:
Jamani, na begi yangu?

L2_Imekwama:
Kule nyuma kuko groupe ya kuzalisha umeme, lakini mama wa sale anasema mafuta tununue siye.

Yaya_Bitoyo:
Lita moja inaweza saa ngapi na pleyi zote?

Kamalondo_Express:
Ile groupe inakunywaka sana. Lete mbili.