Green Belt Movement: vuguvugu la kijamii au mradi wa miti?

Mwanasosholojia Mchanga: Habari wanajukwaa. Tumetakiwa kueleza vuguvugu la kijamii, yaani watu wengi wanaoungana kudai mabadiliko, kwa mfano mmoja, nami nimechagua Green Belt Movement, shirika la kupanda miti lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977. Mwenzangu anasema kupanda miti ni mradi wa maendeleo tu. Je, yuko sahihi?

Msomaji wa Zamani: Kwa miaka ya mwanzo, ana hoja. Lakini mwaka 1989, walipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, swali liligeuka kuwa nani ana haki ya kuamua juu ya ardhi ya umma, na hapo walikabiliana na dola yenyewe. Jengo halikujengwa.

Bi. Mkufunzi: Nakubali, ila msiidharau miche. Malalamiko peke yake hayazai vuguvugu. Vikundi vya akina mama waliotunza vitalu vijijini vilikuwa tayari mtandao wa watu wanaoaminiana, jambo ambalo nadharia ya uhamasishaji wa rasilimali, isemayo kwamba vuguvugu huhitaji watu, mitandao na nyenzo na si manung'uniko tu, hulitilia mkazo.

Mwanasosholojia Mchanga: Ahsanteni. Basi nitaliandika kama shirika lililokua ndani ya vuguvugu pana la kudai demokrasia.