Kisamvu cha mpira: mti ninao uani, kinu sina

Msukuma_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa Tanga kikazi, nimepanga huku Chumbageni. Uani kuna mti umepita bati la nyumba, majani yake kama ya muhogo, ukivunja kikonyo unatoa maziwa. Mama mwenye nyumba anasema ni kisamvu cha mpira, nichume nitakavyo. Mimi kwetu nimekulia nsansa na mlenda, hiki sikijui. Kazini wananitisha eti kina sumu. Kinapikwaje? Nina blenda na jiko la gesi tu.

MamaKunde:
Kinaliwa mwanangu, tena ukishakizoea, kile cha muhogo wa kawaida utakiona kigumu. Ila usichume ovyo. Vuta tawi kwa upondo, chukua majani ya nchani yanayokunjika bila kuvunjika. Yaliyokomaa yaache mtini. Toa vikonyo vyote, hivyo haviivi hata ukeshe navyo.

Kinu azima. Tanga hii hukosi jirani mwenye kinu, na huyo huyo atakucheka kidogo kisha akufundishe kutwanga. Tia punje kadhaa za kitunguu saumu na chumvi kidogo, twanga mpaka jani lisijulikane. Kisha kichemshe kwa maji ya kutosha, sufuria WAZI. Usifunike. Kiache kichemke hadi harufu ya ubichi iishe na maji yakaukie.

Hapo ndipo tui linaingia, si kabla. Tui jepesi kwanza, pamoja na kitunguu maji na kunde ulizochemsha pembeni. Moto mdogo. Tui zito mwisho, na mkono usitoke kwenye mwiko, likikatika umeharibu nazi yako. Ukipata kipande cha ng'onda, yule samaki mkavu, kitie. Nyanya mimi siweki, wanaoweka wana sababu zao.

Kijana wa Temeke:
Mkuu, blenda inafaa ukiwa huna jinsi: maji kidogo, washa na kuzima, usiiache ikazunguka mpaka kikawa juisi. Ila afadhali upeleke majani yako sokoni kwa wauza kisamvu, wengi wana mashine ya kusagia. Unalipa kidogo, unarudi nacho tayari kwa sufuria.

Bwana Shamba Mstaafu:
Hao wa kazini hawajakosea sana. Majani mabichi ya jamii ya muhogo yana kemikali ambayo jani likipondwa hutoa sianidi. Kutwanga kunaifungua, moto na hewa vinaiondoa, ndiyo maana mama hapo juu kakataza kufunika. Kwa hiyo usije ukasaga majani mabichi ukanywa kama dawa, naona siku hizi watu wanakunywa kila jani.

Mti wenyewe asili yake ni Brazil. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu, mashamba yakajaa Tanga na Muheza, mpaka bei ya mpira ilipoporomoka 1913 kwa ushindani wa mpira wa Asia. Baadaye watafiti wa Amani, hapo juu Usambara, waliuchanganya na muhogo wakitafuta mbegu inayostahimili batobato na michirizi kahawia, magonjwa ya muhogo. Wenye nyumba wao walibaki na mboga.

Msukuma_Tanga:
Shikamooni wakubwa, nashukuru. Swali dogo: magadi je? Jirani anasema bila magadi gesi itaniishia.

MamaKunde:
Marahaba. Jirani yako anachuma makomavu huyo! Machanga hayahitaji magadi, na ukizidisha mboga inanuka sabuni. Kama gesi inakuuma, nunua jiko la mkaa. Au chemsha kingi siku moja, gawa kwenye mifuko, weka friza bila nazi. Siku ya kula unatia tui tu.

Na huo mti mwambie mama mwenye nyumba aukate urudi kimo cha mtu. Utachipua majani machanga tele, na upondo hutauhitaji tena.