Chaser yenye 1JZ-GTE: nibadilishe mabomba ya intakula kwa ya milimita 76?

Mkazi wa Kampemba

Salamu kwenu mafundi na wapenzi wa magari wa Lubumbashi. Ninaendesha Toyota Chaser JZX100 ya mwaka 1997, yenye injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5 na turbo ya kiwandani (pampu inayoendeshwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini), ambayo sina mpango wa kuibadilisha. Nikikanyaga mafuta kwenye barabara ya Likasi, shinikizo la turbo hupanda vizuri, lakini injini ikipita mizunguko 5,000 kwa dakika mshale wa kipimo chake huanza kurudi chini. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue mabomba ya alumini ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, yenye kipenyo cha milimita 76, akidai kwamba kadiri bomba linavyokuwa pana ndivyo nguvu inavyoongezeka. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Katuba

Ndugu yangu, usinunue kitu kabla hujajua hewa inatorokea wapi. Mipira ya kiwandani inayounganisha turbo, intakula na injini imepitiwa kwa miaka mingi na mvuke wa oili. Hulainika, hutanuka shinikizo linapopanda na kufunguka kwenye nyufa ambazo huzioni gari likiwa limezimwa. Ziba mdomo wa kuingilia hewa wa turbo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, ziba pia mpira wa kupumulia injini, kisha ingiza hewa ya kompresa polepole bila kupita 0.7 bar, kwa kuwa shinikizo kubwa injini ikiwa imesimama linaweza kudhuru sili, yaani mipira ya kuzuia oili isivuje. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, hasa kile cha chini nyuma ya bampa, ambacho vumbi jekundu la kiangazi hukifunika kabisa. Povu likichemka, umepata mwizi wako. Lisipochemka popote, chunguza vali ya turbo inayopitisha moshi kando ili shinikizo lisizidi, kwa sababu kwenye mizunguko ya juu msukumo wa moshi wenyewe unaweza kuifungua kabla ya wakati.

Kuhusu kipenyo, simkubalii muuzaji. Bomba la milimita 76 lina eneo la ndani linalozidi lile la milimita 63 kwa karibu nusu, lakini turbo yako haina hewa ya kulitumia. Utakachopata ni nafasi kubwa zaidi ya kujaza kila unapobadilisha gia, na mwitikio mzito. Milimita 63 zinatosha.

Mchomeleaji wa Ruashi

Naunga mkono, na ninaongeza mambo ya karakana. Bomba la alumini lenye unene wa milimita 2 hulehemiwa vizuri kwa gesi ya agoni, na mafundi wa kazi hiyo wanapatikana mjini kwa sababu ya migodi. Dai kila ncha ya bomba iinuliwe ukingo mdogo unaouzunguka mdomo wake wote, kwa maana bomba lenye ncha laini litachomoka kwenye mpira hata ukilikaza vipi, na hapo gari hukosa nguvu ghafla ukiwa unalipita lori. Tumia vibano vipana vya bolti. Vile vyembamba vya skrubu hukata mipira ya silikoni. Ninawasihi sana msikubali chuma cha bomba la moshi, kwani kutu yake ikibanduka huingia moja kwa moja kwenye silinda. Hata alumini mpya ioshwe ndani hadi kitambaa cheupe kitoke safi, maana chembe moja ya msumeno inatosha kukwaruza silinda.

Mkazi wa Kampemba

Asante sana, yaya fundi, na wewe mchomeleaji. Je, uvujaji mdogo unaweza kudhuru injini, au ni nguvu tu inayopungua?

Fundi wa Katuba

Injini yako hupima shinikizo la hewa ndani ya manifoldi (bomba linaloigawia kila silinda hewa), kwa hiyo mchanganyiko wa petroli hauharibiki sana. Gari linalopima hewa kabla ya turbo ndilo hutoa moshi mweusi, kwa sababu petroli imekwisha kupimiwa hewa iliyotoroka njiani. Anayeumia kwako ni turbo, inayozunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Tena Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la karibu 0.88 bar. Ili kufikisha 2 bar ndani ya manifoldi, ukihesabu pamoja na shinikizo la hewa ya kawaida, turbo ya pwani huzidisha hewa karibu mara mbili, ya hapa karibu mara 2.3, na joto la hewa inayotoka hupita nyuzi 100 kwa urahisi. Ndiyo maana, viungo vikishaziba, pesa inayobaki ningeiweka kwenye intakula nzuri ya mbele, na kipenyo cha mabomba kisizidi milimita 63.