Naomba ushauri: sitiari, jazanda na taashira

Habari zenu wanachama. Ninasoma fasihi na nimekwama kwenye tamathali za semi, yaani mbinu za kupamba lugha kwa picha na ulinganisho. Tashbihi, yaani ulinganisho wa wazi, hainisumbui, kwa kuwa viunganishi kama "mithili ya", "kama" na "ja" huitambulisha mara moja. Shida inaanza viunganishi hivyo vinapoondoka.

Mtu akisema "mama ni nguzo", najua hiyo ni sitiari. Njiwa akisimamia amani, naita taashira. Sasa chukueni shairi ambalo kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho linazungumzia jahazi linalovuja, nahodha aliyelala na abiria wanaogombania makasia, bila kuitaja popote nchi wala kiongozi wanaomaanishwa na jahazi na nahodha huyo. Hapo nachanganyikiwa kabisa. Kitabu kimoja nilichosoma kinaiita jazanda, yaani sitiari iliyopanuliwa. Kingine kinaiita taashira. Wenzangu darasani nao wamegawanyika, na mimi naegemea jazanda, kwa sababu picha yote inajengwa hatua kwa hatua.

Naomba kuuliza: ni kigezo gani hasa kinatenganisha jazanda na taashira? Na je, kwenye mtihani mfano mmoja unaweza kutajwa kwa istilahi zote mbili, mradi nitoe maelezo? Natanguliza shukrani.