Naomba ushauri: laptopu za dukani bado nzima, ila hazipokei Windows 11

Habari zenu wakuu. Nina duka dogo la steshenari: natoa kopi, naprinti, nawajazia vijana maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB na ya vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Natumia laptopu za mtumba, Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, zina SSD. Zinawaka haraka na hazinisumbui.

Shida ni kwamba Windows 10 iliyomo iliisha muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kile kichipu cha usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Najua kuna masasisho ya ziada ya usalama mpaka Oktoba 2026, nimeshajiunga. Baada ya hapo?

Kutwa nzima wateja wanachomeka flashi zao humu, nyingine zina vile virusi vya kugeuza mafolda yote kuwa shotikati. Hapohapo mtu mwingine anaingiza nywila ya barua pepe na namba ya NIDA. Siwezi kuchezea taarifa za watu.

Nawaza kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows. Je, CV iliyoandikwa kwenye Word ikifunguliwa na LibreOffice (programu ya bure ya ofisi) majedwali hayavurugiki? Printa za Epson za wino wa tangi zinakubali, pamoja na kuskani? Au niilazimishe Windows 11 kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kuinstolia inayoweza kuruka masharti hayo? Mwenye steshenari aliyeshafanya mojawapo anieleze ilivyokwenda. Kununua mashine nyingine kwa sasa mtaji hauruhusu.