Kubadilisha vitufe vya simu viwe vya kugusa na mtetemo: niunge wapi?

Waya_Mbili: Wadau, naomba ushauri. Simu ni ya Android, fremu ya plastiki, ubavu una unene wa milimita 1.5. Vitufe vya sauti na pawa vimekufa, na fleksi (utepe wa nyaya za vitufe) ya modeli hii haipatikani Luthuli, mtaa wa elektroniki Nairobi. Nataka kuficha sensa tatu za mguso za TTP223 ndani ya fremu, pamoja na mota ya mtetemo aina ya LRA kutoka simu mbovu, ili kidole kihisi kama kimebonyeza kitu. Naunga wapi, na nini kitaniunguzia bodi?

Geti_na_Sosi: Kitufe cha simu ni swichi tu ya kugusisha laini moja na graundi (hasi). Pima kwa multimita: waya mweusi kwenye graundi, mwekundu kwenye padi ya sauti. Mara nyingi utasoma karibu volti 1.8, na padi ikiguswa na graundi inashuka hadi 0.

Bodi huungua hapa: TTP223 ikilishwa na betri inatoa volti 3.7 au zaidi, na wewe unazipeleka kwenye laini ya 1.8. Usiunge moja kwa moja. Kila kitufe kiwe na mosfeti yake ya N, yaani swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu: geti kwa sensa, sosi kwa graundi, dreni kwa padi. Chukua BSS138. 2N7002 imejaa madukani lakini geti lake linaweza kudai hadi volti 2.5 ndipo lianze kufunguka, na betri ikishuka hubaki na nafasi ndogo. Ongeza rezista ya kiloohm 100 kati ya geti na graundi.

Umeme wa sensa utoke kwenye betri. Laini ya 1.8 hufa simu ikizimwa.

Hezi175: LRA haipigwi umeme wa DC (wa upande mmoja). Ukiipa DC inaruka mara moja kisha kimya. Inataka mawimbi ya masafa yake yenyewe, kwa hiyo tumia chipu ya draiva ya DRV2605L, anwani 0x5A, ikiongozwa na kompyuta ndogo ya chipu moja, ATtiny85. Miguu inatosha barabara: mitatu ya sensa, miwili ya I2C, nyaya za mawasiliano na draiva.

Draiva hiyo huamka ikidhani ina mota ya kawaida. Washa biti ya 7 kwenye rejista (kisanduku cha mpangilio) 0x1A, chagua maktaba ya 6 kwenye 0x03, andika volti za mota kwenye 0x16 na 0x17. Kisha kalibresheni, yaani draiva ijipime na mota: 7 kwenye 0x01, 1 kwenye 0x0C. Fanya hivyo mota ikiwa imeshagandishwa mahali pake, tena kwa gundi ngumu. Ukiweka sponji, mlio unasikika lakini kidole hakihisi kitu. Athari (mtindo wa mtetemo) namba 1 ndiyo mbonyezo mkali.

ATtiny ilale, iamshwe na sensa, la sivyo betri itaisha ukiwa bado kwenye foleni ya Thika Road.

Utepe_wa_Shaba: Mimi nasema pawa iache. Sensa ya mguso haijui tofauti ya kidole kilichotulia na kidole kinachobonyeza. HTC U12+ ya 2018 ilipima mgandamizo kabisa, na bado ililalamikiwa kwa kubonyeka bila kukusudia. Jasho likishikilia pawa sekunde kumi hivi, simu nyingi hujizima na kuwaka upya, tena na tena. Lehemu swichi ndogo ya kawaida hapo.

Za sauti: kipande cha shaba cha milimita 6 kwa 12, kibanwe kwenye plastiki bila hewa katikati. Ikiwa kali mno, ongeza kapasita ya sensa, kuanzia pikofaradi 10, usipite 50. Kadiri inavyokua ndivyo usikivu unavyopungua.

Waya_Mbili: Sawa, pawa nitaweka swichi. Nijaribu kabla ya kufunga kifuniko?

Utepe_wa_Shaba: Majaribio ya wazi yatakudanganya, maana kifuniko na mkono hubadilisha usomaji. Funga, ondoa mkono sekunde kadhaa sensa ijipange, ndipo uguse. Rudia chaja ikiwa imechomekwa, hasa ile ya bei ya chini. Kelele zake za umeme zinaweza kupandisha sauti zenyewe. Ikitokea hivyo, fupisha waya wa shaba na uutenge na antena.