Vifaa vya albamu za kompyuta: tupange kwa seti, kwa aina au kwa lebo?

Zawadi_Jinja
Habari zenu wapendwa. Natengeneza albamu za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba), harusi na ubatizo kwenye kompyuta. Karatasi za mandhari, fremu, riboni, maua na herufi vimejaa, na kila seti, yaani vifaa vilivyobuniwa pamoja, imekaa kwenye folda yake kama nilivyoipakua. Mteja akitaka albamu ifanane na rangi ya gomesi (vazi lake la sherehe), nafungua folda moja moja mpaka usiku. Je, niache seti zilivyo, nizivunje nipange kwa aina, au nitie lebo kwa programu?

PichaBombo
Kwa aina, dada. Karatasi peke yake, fremu peke yake, riboni peke yake. Karatasi nazigawa tena: za rangi moja, za mistari, za kitenge, za lubugo (kitambaa cha magome ya mti). Hakuna programu ya kujifunza, na kompyuta ya zamani haikusumbui.

MamaAlbamu_Arua
Ndugu wa Bombo, njia yako ni nyepesi, lakini kuvunja seti mimi nakataa. Mbunifu amekaa akalinganisha rangi: hudhurungi ya karatasi ndiyo ya kifungo na ndiyo ya uzi. Ukizitawanya, kuzikutanisha tena ni kazi.

Zito zaidi ni ruhusa. Seti huja na faili ya masharti. Wabunifu wengine wanaruhusu matumizi ya nyumbani tu, wengine hata kazi ya kulipwa. Zawadi anauza. Fremu ikishachanganyika na fremu mia, atajuaje ni ya nani?

Kwangu seti inabaki nzima pamoja na masharti yake, chini ya folda mbili kuu: Biashara na Nyumbani. Kutafuta naiachia digiKam, programu ya kupanga picha, ambayo ni ya bure. Lebo zake hujipanga kwa matawi: tukio, aina, rangi. Riboni moja inabeba "kwanjula", "riboni" na "zambarau" bila kunakiliwa popote. Nikichagua riboni na zambarau, zinatokea za seti zote kwa pamoja. Ila kwenye mipangilio iambie iandike lebo ndani ya faili zenyewe. Zikibaki kwenye hifadhidata ya programu tu, siku unabadilisha kompyuta unaweza kuzikosa.

PichaBombo
La ruhusa nalipokea, mama. Nitaanza kuweka jina la mbunifu mwanzoni mwa jina la kila faili. Lakini maelfu ya faili, nani ana muda wa kutia lebo?

Mbarara_Dizaini
Usitie moja moja. Chagua seti nzima, tia tukio na mbunifu kwa mkupuo. Kisha panga kwa muundo wa faili: karatasi kwa kawaida ni JPEG, mapambo ni PNG kwa sababu yanahitaji mandhari angavu, isiyoficha karatasi iliyo chini. Hapo aina nayo imekaribia kuisha. Rangi ndiyo inayotaka jicho, basi anza na karatasi tu.

Mimi natumia Adobe Bridge, programu nyingine ya kupanga picha. Nayo hulipii, unafungua akaunti tu, na violezo vya PSD (faili za Photoshop) unaviona bila kuvifungua. Kwanza toa vitu kwenye zipu, maana ndani ya zipu hutaona picha wala kuzitia lebo. Karatasi ya inchi 12 kwa 12, kwa pikseli 300 kila inchi, ni pikseli 3600 kwa 3600, nafasi inaliwa haraka. Zipu zenyewe hamishia diski ya nje ziwe akiba.

Zawadi_Jinja
Asanteni sana. Nabaki na seti, naongeza lebo. Na herufi je? Kila herufi ni faili yake, zitajaza matokeo yote.

MamaAlbamu_Arua
Tia lebo ile picha moja ya onyesho, inayoonyesha herufi zote, nyingine ziache kimya ndani ya folda. Halafu, kwa kuwa unafanya kwanjula, seti za A hadi Z tu hazina ŋ, herufi ya Kiganda. Zilizo nayo zipe lebo yake, maana jina la ukoo wa Kiganda kama Ŋŋonge au Ŋŋaali likitakiwa kwenye jalada utaitafuta hiyo kwanza.